Fundi wa Kuchafua Santuri

Polycarpe alinusa kwanza. Kabla hajasoma jina la santuri wala kuitazama kwenye mwanga, aliinua jalada hadi puani, akafumba macho, akavuta pumzi moja fupi, kama mama anayepima maziwa yaliyolala. "Cave," alisema, maana yake santuri imetoka kwenye chumba cha chini ya nyumba, chenye unyevu. Au alisema, "Mbwa." Au, "Huyu monsieur alikuwa anavuta tumbaku, na dirisha hafungui." Alinusa mkate, alinusa shati lililotoka kufuliwa, alinusa hata barua za serikali kabla hajazifungua. Précieuse, aliyefanya kazi naye kila Jumamosi, alimwonea haya mbele ya wateja, kisha akazoea, na baadaye akajikuta naye akinusa vitu, akajichukia kidogo kwa hilo.

Duka lilikuwa Saint-Josse, mtaa wa Brussels, kati ya mwoka mikate wa Kituruki na fundi viatu. Liliuza santuri zilizokwishatumika. Mwenyewe alikuwa Quentin, Mbelgiji wa miaka thelathini na ushei, mtoto wa wakili, aliyevaa sweta zenye matundu kwa makusudi na kuacha kucha zake nyeusi kana kwamba alikuwa fundi wa magari. Précieuse alikuwa mwanafunzi wa historia chuo kikuu. Mama yake, Émérance, alikuwa mtu wa Bukavu, na Polycarpe alikuwa ndugu yao wa mbali kutoka huko huko, mpangaji katika chumba chao cha nyuma. Huko Bukavu Polycarpe alikuwa fundi wa sauti redioni kwa miaka kumi na tisa. Mwaka 1991, wanajeshi walipopora miji, aliondoka na sanduku moja, akamwacha binti yake Ornella kwa bibi yake. Mke wake alikuwa ameshafariki. Alisema ni kwa miezi sita.

Kazi yake dukani ilikuwa kuosha na kusikiliza. Aliosha santuri kwa maji vuguvugu na tone la sabuni, akaifuata mifereji yake kwa brashi laini, akaikausha kwa kitambaa cha pamba. Kisha aliketi mbele ya mashine, akavaa vipokea sauti, akasikiliza pande zote mbili bila kuruka hata wimbo mmoja, hata kama ulikuwa wimbo wa Krismasi wa watoto wa Flandria. Mwishoni aliandika kadi: mkwaruzo uko wapi, kelele ziko wapi, hali ya jalada. Chini yake aliweka herufi P. Wateja walisafiri kutoka Liège na Lille kwa sababu ya kadi zile. Quentin aliweza kusema lolote, na alisema mengi, lakini kadi ya Poly haikusema uongo.

Miaka ile vijana wa Brussels walikuwa wamevaa Seattle. Sauti ya mji ule wa mvua na viwanda vya mbao, huko mwisho wa Amerika, ilikuwa imefika kila mahali: gitaa zilizokorogwa mpaka zikawa kama matope, ngoma nzito kama mtu anayeshusha kabati ngazini, na waimbaji waliochoka kabla maisha hayajaanza. Waliuita muziki huo grunge. Cha thamani sana kwao kilikuwa uchafu wake. Vijana wenye vyumba vyao wenyewe na bafu zenye maji ya moto walikaa wiki nzima bila kuosha nywele, wakaja dukani wakinuka kondoo aliyelowa, wakaegemea makasha. Précieuse alisimama kwenye mashine ya fedha akipumulia mdomo.

Lakini wateja wakubwa wa Quentin hawakutafuta bendi za redioni. Walitafuta albamu moja ya mwaka 1987, yenye jalada la kahawia lisilo na picha, ambayo dukani waliiita la Brune. Précieuse aliijua hotuba ya Quentin kwa moyo.

"Vijana wanne," Quentin alisema, akiinua vidole. "Siku nne katika chumba cha chini. Nakala elfu moja, na nusu yake hazikuuzwa. Kabla yao, punk walikuwa huku na wale wa rock nzito walikuwa kule, na hawakusalimiana. Hawa wanne waliwatia chumba kimoja, wakafunga mlango. Mwaka haukuisha, bendi ikavunjika. Wawili wakaanzisha bendi hii, wawili wakaingia ile, na wengine waliokuwa wakiwasikiliza wakaanzisha zao. Rock yote mbadala unayoisikia leo imetoka kwenye chumba kile. Umeelewa? Hii si albamu. Hii ni bibi."

Nakala halisi moja tu ilikuwa imepita mikononi mwa Polycarpe. Mara ya kwanza alipoisikiliza, alivua vipokea sauti, akavikagua waya.

"Précieuse, aba batoto banapiga na amplifaya ya kuharibika?"

"Hapana, tonton," alisema, maana alimwita mjomba kwa Kifaransa. "Wanataka hivyo."

"Banataka?" Alivaa tena. Alisikiliza upande wa kwanza, akageuza, akasikiliza wa pili, na jasho dogo likamtoka kwenye paji la uso, kama zamani redioni taa nyekundu ilipowaka. "Bon. Sikiliza. Batteur wa ngoma anajua kazi. Na ule mwenye kuimba, hapa anakohoa, baliacha. Mi ningekata. Beye baliacha." Alitikisa kichwa. "Ni uchafu, lakini ni uchafu yabo. Habakuikopa kwa muntu."

Précieuse aliisikiliza jioni ile baada ya kufunga. Alitaka kuichukia. Aliichukia, dakika tano za mwanzo. Baadaye alisikia mngurumo wa mashine nyuma ya nyimbo, sauti ya chumba baridi, na mtu anayeimba kana kwamba kesho hakuna atakayemsikia, na kweli kwa miaka kadhaa hakuna aliyemsikia. Haikuwa nzuri. Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomtia uchungu alipoona walivyoifanya baadaye.

Aprili 1994, mwimbaji maarufu kuliko wote wa mji ule alijiua. Quentin aliweka mshumaa dirishani, na pembeni ya mshumaa akaweka bei mpya. Vijana walilia mlangoni, wakakumbatiana, wakaingia, wakanunua. Wiki hiyo hiyo, kwenye televisheni ya Maman Émérance, huko Rwanda watu walikuwa wameanza kuuawa. Kufika Julai, watu walikuwa wamemiminika mpaka Bukavu, wakilala kwenye ua wa makanisa na kandokando ya barabara, na bibi yake Ornella aliandika kwamba maji yameharibika na mtoto anaharisha. Polycarpe aliinusa barua ile. Hakusema ilinuka nini.

Kuanzia hapo alikuwa na neno moja tu: Ornella aje. Alikwenda ofisi ya uhamiaji mara tatu, akapanga foleni tangu alfajiri, akaambiwa kila kitu kipo isipokuwa kimoja: barua ya mwajiri, iliyosainiwa, kwamba kazi yake ni ya kudumu. Alimwomba Quentin mwezi wa nane. Quentin akasema bila shaka, Poly, wiki ijayo. Wiki zikapita. Barua ilipigwa chapa na Précieuse mwenyewe, ikakaa kwenye droo chini ya mashine ya fedha, na mahali pa saini palikuwa peupe.

Mwezi wa kumi Quentin alileta makasha mawili kwenye gari lake. Ndani mlikuwa na nakala sitini za la Brune, mpya, zinang'aa, zilizochapwa mahali fulani bila ruhusa ya mtu. Alimpeleka Polycarpe nyuma, na Précieuse aliyekuwa akifagia alisikia kila kitu.

"Unajua santuri iliyozeeka inakuwaje," Quentin alisema. "Hakuna anayejua kuliko wewe. Zizeeshe. Pembe zijikunje kidogo, duara la santuri lijichore kwenye jalada, madoa mawili matatu. Halafu kadi zako. Tutatoa moja moja, tutasema zimetoka kwa mkusanyaji wa Seattle aliyekufa."

"Monsieur Quentin, kazi yangu ni kuosha."

"Ni kazi ile ile, Poly. Unaanza tu kutoka mwisho." Akacheka. Kisha akasema bila kucheka, "Na ile barua yako nitasaini. Si unataka binti aje kabla ya baridi?"

Polycarpe alitazama makasha. Alichukua moja, akainusa. Wino mbichi na gundi. Akairudisha taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha mgonjwa.

"Hapa siwezi fanya," alisema. "Bateja bataona. Nitafanya kwa nyumba."

Wiki mbili chumba cha nyuma kilikuwa karakana. Aliloweka majani ya chai, akapaka jalada kwa sifongo, na chai ikakauka na kuacha ukingo wa manjano kama mkojo kwenye godoro. Alisugua majalada kwa kitako cha bilauri mpaka duara likajitokeza. Alikunja pembe kwa dole gumba, moja baada ya nyingine, kila moja namna yake, kwa sababu hakujua kufanya kazi vibaya. Précieuse alisimama mlangoni, akageuza uso. Si kwa chai. Ni kwa umahiri. Mikono ile ile iliyokuwa ikitoa vumbi kwenye mfereji mwembamba kuliko unywele sasa ilikuwa inapaka uchafu wa uongo juu ya uchafu wa kweli wa watu wengine, na ilikuwa inapaka vizuri.

"Tonton, na kadi? Utaandika P?"

"Nitaandika."

"Lakini unajua kwamba—"

"Précieuse." Hakuinua kichwa. "Weye uko na mutoto kwa Bukavu?"

Akarudi jikoni.

Majalada yalipokauka aliyapanga pembeni ya ukuta, nyuma ya kitanda. Huko ndiko Maman Émérance alikoweka magunia yake. Kila mwezi mtu alimletea sambaza kwa ndege, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, waliokaushwa na chumvi, naye aliwauza Jumapili kwenye soko la Gare du Midi na siku nyingine mlangoni kwake. Magunia manne, tangu mwaka 1990. Nguo zao zilinuka sambaza, mapazia yalinuka sambaza, vitabu vya Précieuse vya chuo vilinuka sambaza, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akiisikia harufu hiyo tena. Wala Polycarpe, aliyeweza kutofautisha cave ya Schaerbeek na cave ya Ixelles, hakuisikia. Katika chumba kile pua yake ilipumzika. Majalada sitini yalikaa pale siku kumi na moja, yakinywa harufu.

Ziliuzwa haraka. Jumamosi ya nne duka lilikuwa limejaa, mvua nje, sufi iliyolowa ndani, wakati mzee mmoja alipoingia na la Brune mkononi. Koti lake lilikuwa zuri, fimbo yake ina kichwa cha pembe ya ndovu. Alijitambulisha kwa sauti ya mtu aliyezoea kuamkiwa: Constant, aliyekuwa afisa wa serikali, mstaafu. Alikuwa amemnunulia mjukuu wake santuri hii kwa siku ya kuzaliwa.

"Sikuja kulalamika," alisema. Uso wake uling'aa. "Nimekuja kuuliza. Nimefungua mfuko sebuleni, na nimerudi miaka arobaini nyuma. Sambaza! Sambaza wa Kivu! Mke wangu amefikiri nimepagawa." Aliinua jalada, akalibana puani, akavuta kwa nguvu mpaka masharubu yakagusa karatasi. Précieuse alitazama pembeni. Kulikuwa na kitu kichafu katika furaha ile, kama mtu anayenusa nguo ya mwanamke asiyemjua.

Halafu mzee akamwona Polycarpe nyuma ya meza yake, na akabadili lugha.

"Wewe! Wewe natoka Bukavu?"

"Ndiyo, monsieur."

"Ah! Mimi alikaa Bukavu miaka kumi na mbili! Boy yangu alipika sambaza kila siku ya tano. Mzuri sana, boy ile. Aliiba sukari tu." Akacheka, akitazama wateja wote ili wacheke naye.

Hawakucheka. Walikuwa wanafikiri. Mmoja, mwenye ndevu, aliyekuwa amenunua nakala yake Jumamosi iliyopita, aliuliza polepole, "Samaki wa Kongo? Kwenye santuri iliyotoka Seattle?" Alimpokonya mzee jalada, akanusa. Mwingine akanusa. Jalada likapita pua hadi pua. Yule mwenye ndevu akalowesha kidole kwa mate, akasugua kona ya kahawia, na kidole kikatoka na rangi ya chai.

Wote wakamgeukia Quentin.

Précieuse aliona mkono wake ukishuka kwenye droo chini ya mashine ya fedha, ukaifungua kidogo, ukakaa pale. Hakuitoa barua. Aliiacha ionekane tu, kona yake nyeupe, kwa mtu mmoja aliyejua ni nini. Kisha akasema kwa upole, "Poly. Hebu tueleze."

Polycarpe aliweka brashi chini. Alikausha mikono kwa kitambaa cha pamba, kidole kwa kidole.

"Ni mimi," alisema kwa Kifaransa. "Patron, mwenye duka, hajui kitu. Santuri za kweli nilizichukua. Hizi nilizitengeneza nyumbani, nikaziweka mahali pake. Nikaandika kadi."

"Voilà," alisema Constant, bila hasira, karibu kwa upendo. "Nilijua. Miaka kumi na miwili niliishi nao."

Mwenye ndevu hakuridhika. Alimtazama Polycarpe, akamtazama Quentin, kisha akamgeukia Précieuse. "Wewe unafanya kazi hapa. Ni kweli?"

Polycarpe alimtazama Précieuse. Siku nyingine yoyote angemwambia neno kwa Kiswahili, na wawili hao wangekuwa peke yao katikati ya duka lililojaa. Lakini mzee alikuwa pale, masikio wazi, na Kiswahili chao kilikuwa mfukoni mwake pia. Kwa hiyo alitazama tu. Macho yake yalikuwa mekundu pembeni. Hayakuomba. Yalingoja, kama anavyongoja mtu kwenye foleni ya ofisi.

"Ndiyo, monsieur," Précieuse alisema. "Ni kweli."

Alihisi maneno yakimtoka kama kitu alichokitapika na ambacho sasa kila mtu amekiona.

Quentin alikuwa mwema siku hiyo. Alisema hataita polisi. Alisema mtu huyu ni mkimbizi, ameona mengi, tusimhukumu. Wateja walimpiga begani. Yule mwenye ndevu alirudishiwa fedha zake na akanunua kitu kingine. Constant hakutaka kurudisha yake. Aliifunga vizuri kwenye mfuko wa plastiki, harufu isipotee, akaondoka akiimba chinichini. Na kabla ya kufunga duka Quentin alitoa barua kwenye droo, akasaini, akapuliza wino.

"Unaona, Poly? Mimi natimiza neno langu."

Polycarpe aliipokea kwa mikono miwili. Alishukuru.

Hakuandika kadi tena. Aliendelea kuosha, nyuma, mlango umefungwa, na wateja walipouliza nani amesikiliza santuri hii, Quentin alisema ni yeye mwenyewe. Miaka iliyofuata magazeti ya muziki yaliandika sana juu ya la Brune, jinsi ilivyofungua njia, jinsi ukweli wa sauti ile ulivyokuwa umekifundisha kizazi kizima kutojipodoa. Makala moja ilimtaja Quentin kama mtu aliyeitambulisha albamu hiyo nchini Ubelgiji. Précieuse aliisoma kwenye tramu, akaiacha kwenye kiti.

Précieuse alikuwa ameacha kazi dukani wiki ile ile Polycarpe alipobeba lawama. Nyumbani hakuweza kula meza moja na Polycarpe. Alibeba sahani yake akaenda chumbani, na Maman Émérance akamsema: "Weye nani wa kumuchukia? Yeye alikula aibu, weye unakula nini?" Kesho yake alibeba sahani tena. Alimchukia kwa kusema uongo kwa urahisi ule. Alimchukia kwa kumtazama yeye. Usiku hakulala, akijua kwamba alichokichukia hasa ni sauti yake mwenyewe ikisema ndiyo, monsieur, ikiwa safi, bila mkwaruzo.

Ornella alifika Machi 1995, mwembamba, mwenye miaka kumi na miwili, koti la kuazima limemzidi mikono. Oktoba ya mwaka uliofuata Bukavu ilivamiwa. Bibi yake Ornella alikufa njiani akikimbia, mahali ambapo hakuna aliyejua kupaonyesha kwenye ramani. Jioni habari ilipofika, Précieuse alimwona mtoto amelala kwenye kochi, mdomo wazi, soksi zimetoboka, na Polycarpe ameketi sakafuni amemshika mguu. Alikwenda jikoni, akaosha sufuria iliyokuwa tayari safi.

Polycarpe na Ornella walihama Januari 1997. Polycarpe alikuwa amepata kazi ya usafi katika hospitali moja Liège, na vyumba viwili. Hakurudi Brussels tena. Moyo ulimsimama miaka miwili baadaye, kazini, na Précieuse alisikia kwa simu. Lakini asubuhi ile ya kuhama alikuwa mzima, na alikuwa na haraka. Godoro lilikuwa limeshashuka. Ornella alikuwa anateremka ngazi, sufuria mkono mmoja, mfuko wa vitabu mkono mwingine, blanketi shingoni. Précieuse alikuwa amesimama chini, kwenye korido, na maneno aliyokuwa ameyaandaa kumwambia Polycarpe kwa zaidi ya miaka miwili, yote, kwa mpangilio. Upepo wa baridi ukausukuma mlango wa nje ukawa unajifunga.

Polycarpe alimtazama kutoka juu ya ngazi.

"Précieuse, kamata mulango," alisema. "Mutoto anashuka."